Mama Zetu Wanakufa Njiani: Saratani ya Matiti ni Suala la Haki



Mwaka uliopita, majira ya kupalilia mpunga, niliitwa kumpaka mafuta matakatifu mama mmoja wa kigango kimojawapo cha huku Mlimba. Jina lake na kijiji chake sitavitaja, kwa heshima ya watoto aliowaacha. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Titi lake la kushoto lilikuwa limegeuka kidonda, na mkono wa upande ule ulikuwa umevimba hata hakuweza kuuinua kufanya ishara ya msalaba. Nilimuuliza ni lini aliona dalili ya kwanza. Akanijibu kwamba alikigusa kitu kama punje ya kunde alipokuwa akioga, mwaka wa nyuma yake, kabla familia haijahamia dungu kulinda mpunga. Hakikumuuma. Na kwa kuwa hakikumuuma, alimaliza kupanda, akamaliza kuvuna, kisha ndipo akakumbuka kwenda kuuliza.

Alipouliza mara ya kwanza alipewa vidonge vya kutuliza maumivu. Mara ya pili aliambiwa ni jipu la maziwa, ijapokuwa mtoto wake wa mwisho alikuwa amekwisha kuacha kunyonya zamani. Ndugu wa mume wakashauri aende kwa mganga wa kienyeji, na magunia mawili ya mpunga yakauzwa kwa safari hiyo. Alipomfikia daktari aliyejua anachokiona, ilikuwa imepita miezi kumi na sita tangu siku ile aliyoigusa punje ya kunde. Dar es Salaam hakuiona. Tulimzika kabla ya mavuno.

Baada ya maziko hayo akina mama wa Wawata, kwa moyo wao mwema, walileta pendekezo kwamba parokia za bonde letu zichange fedha ili inunuliwe mashine ya kupiga picha za matiti, ile iitwayo mamografia, nayo iwekwe mahali palipo karibu nasi. Nawashukuru sana, kwa sababu wao waliona kwamba maombolezo peke yake hayatoshi. Hata hivyo, nimeona nisikae kimya. Mimi si daktari. Nilisomea falsafa na taalimungu seminarini, na haya ninayoyaandika nimeyapata kwa kuuliza na kusoma. Lakini naamini kwamba mchango huo, kama tulivyoupanga, hautamwokoa mama wa pili atakayefuata. Mama tuliyemzika hakufa kwa kukosa mashine ya kuugundua uvimbe. Uvimbe aliugundua mwenyewe, kwa vidole vyake, ungali mdogo kama kunde. Alikufa kwa sababu tangu siku ile hakukuwa na njia iliyonyooka ya kumtoa shambani na kumfikisha kwenye tiba. Alikufa njiani. Hivyo basi, kinachotupasa kujenga kwanza ni njia.

Ugonjwa wenyewe na hesabu yake

Yafaa kwanza tuufahamu ugonjwa huu. Saratani ya matiti haiambukizi, si laana, haitokani na kurogwa, wala haitokani na maziwa kuganda. Ni seli za mwili wa mtu mwenyewe zinazoacha mpango wake wa kawaida, zikaongezeka ovyo na kufanya uvimbe. Uvimbe huo mara nyingi hauumi mwanzoni, na hapo ndipo penye hatari yake kubwa, maana sisi tumezoea kumwendea mganga kwa sababu ya maumivu. Baadaye seli hizo husafiri hadi kwenye tezi za kwapani, na kutoka huko hufika mifupani, mapafuni, kwenye ini na hata kwenye ubongo. Uvimbe ukiwa ungali ndani ya titi, madaktari wanaweza kuuondoa na mgonjwa akapona. Ukiisha kusambaa mbali, wanaweza kumpunguzia mateso na kumwongezea siku, lakini kumponya kabisa huwa ni jambo gumu mno. Wanaume nao huupata, ingawa kwa nadra.

Mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani hiyo, na wapatao 670,000 walikufa kwayo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi tajiri, kati ya wanawake 100 waliogunduliwa, zaidi ya 90 huwa hai baada ya miaka mitano. Nchini India ni 66. Afrika Kusini, nchi yenye hospitali kubwa kuliko zetu, ni 40. Ugonjwa ni ule ule na titi ni lile lile. Tofauti iko katika mahali alipozaliwa mama.

Hapa kwetu Tanzania, makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya wa saratani za aina zote zaidi ya 40,000, na vifo karibu 27,000. Kwa upande wa wanawake, saratani ya matiti inafuata ile ya mlango wa kizazi. Tathmini ya huduma za matiti nchini iliyotolewa mwaka 2017 ilieleza kwamba kiasi cha wanawake 80 kati ya 100 hugunduliwa ugonjwa ukiwa umekwisha kufika hatua ya tatu au ya nne, yaani wakati kuponya kumekuwa kugumu. Basi mama yule wa kigango alifuata njia ile ile wanayoifuata walio wengi.

Kuna hesabu nyingine inayowahusu watoto. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa wa saratani ya matiti katika nchi za Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia. Waliona kwamba kwa kila wanawake 100 waliokufa kabla ya kutimiza umri wa miaka 50, watoto wapatao 210 walibaki bila mama. Tukisema kwamba huu ni ugonjwa wa wanawake, hatujasema yote; ni ugonjwa wa nyumba nzima. Watafiti hao hao walikadiria, katika matokeo ya mwaka 2020, kwamba kati ya vifo 100, vifo 28 hadi 37 vingeweza kuzuiwa kama wagonjwa wangewahi kugunduliwa na kupata tiba iliyo bora zaidi. Wanasema hivyo kwa Afrika hii hii, pamoja na umaskini wake.

Stesheni tano

Sisi wa Mlimba tumekua pamoja na reli. Tangu TAZARA ilipokabidhiwa mwaka 1976, tunajua kwamba treni haifiki mwisho wa safari kama imekwama katika stesheni moja tu ya katikati. Safari ya mgonjwa wa titi nayo ina stesheni zake, nami naziona tano.

Stesheni ya kwanza ni nyumbani na shambani. Miezi mingi ya mwaka mama zetu wako mabondeni, mbali na zahanati, na kazi ya mpunga haingoji. Hapo mama anaugusa uvimbe, ananyamaza, anaona haya kusema habari za titi mbele ya mume au mkwe, na anajipa moyo kwamba utaisha wenyewe. Wengine wanahofia kwamba wakisema, patatafutwa mchawi, na watu wapelekwe kunyolewa kama ilivyo desturi ya baadhi ya ndugu zetu katika bonde hili. Ukimya huo unakula miezi.

Stesheni ya pili ni zahanati. Mhudumu wa zahanati anaona malaria, kuhara, vichomi na wajawazito kutwa nzima. Saratani ya matiti huenda akaiona mara moja kwa mwaka, au asiione kabisa. Kama hakufundishwa kuutambua uvimbe wa hatari, atatoa vidonge, na hatupaswi kumlaumu yeye peke yake. Lakini vidonge hivyo vinakula miezi mingine, maana mama anarudi nyumbani akiamini kwamba ametibiwa.

Stesheni ya tatu ni kipimo. Uvimbe hauwezi kuitwa saratani kwa kuutazama tu. Lazima daktari achukue kinyama kidogo kwa sindano maalumu, nacho kipelekwe maabara kitazamwe na mtaalamu wa tishu. Wataalamu hao katika nchi yetu ni wachache, na walio wengi wako katika miji mikubwa. Kinyama kikichelewa kusafirishwa, au majibu yakipotea, mgonjwa naye hupotea. Aidha, kipimo hicho kikikamilika kinaonyesha kama saratani hiyo inalishwa na homoni za mwili. Kama inalishwa nazo, iko dawa ya vidonge iitwayo tamoksifeni, ya siku nyingi na ya bei nafuu, ambayo mgonjwa humeza kidonge kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Mama wa Mlimba anaweza kuimeza nyumbani kwake. Lakini bila kipimo, daktari hawezi kujua ni nani inayemfaa.

Stesheni ya nne ni tiba yenyewe: upasuaji, dawa za saratani zinazodungwa kwenye mshipa, na mionzi kwa wanaoihitaji. Kwa miaka mingi mionzi ilipatikana Ocean Road peke yake, katika hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897, na ambayo iliwekewa sheria ya kuwa taasisi ya taifa ya saratani mwaka 1996. Siku hizi Bugando, hospitali ya rufaa ya Maaskofu iliyoko Mwanza, nayo inatoa mionzi. Kutoka Mlimba hadi Ifakara ni zaidi ya kilomita mia moja, na masika barabara yetu inajulikana. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita mia tano. Mionzi haitolewi kwa siku moja, bali kwa majuma kadhaa. Mgonjwa anahitaji nauli, mahali pa kulala, chakula, na mtu wa kumsindikiza. Kwa sera ya nchi matibabu ya saratani yamo miongoni mwa huduma zenye msamaha, nalo ni jambo la kushukuru; lakini msamaha huo haulipi basi, wala haupangishi chumba.

Stesheni ya tano ni kumaliza. Wako waliofanyiwa upasuaji wakarudi nyumbani wakidhani wamepona, hawakurudi tena kudungwa dawa. Wako walioacha vidonge baada ya miezi mitatu kwa sababu hawakuona tena uvimbe. Wako waliouza mpunga kwa safari ya kwanza na hawakuwa na cha kuuza kwa safari ya pili. Tiba ya nusu ni gharama yote bila faida yake.

Kwa nini si mashine kwanza

Mamografia ni chombo chema mahali pake. Kilibuniwa kutafuta saratani kwa wanawake wasio na dalili yoyote, na nchi zinazokitumia huwaita wanawake hao wapigwe picha tena na tena, kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Hushughulikiwa na wapigapicha waliosomea, madaktari wa kuzisoma picha, umeme usiokatika na fundi wa kuitengeneza mashine. Zaidi ya hayo, kila picha yenye shaka inadai kipimo cha kinyama. Sisi ambao mama zetu wanafika na uvimbe unaojaza kiganja, picha itatuambia nini tusichokijua? Tutakuwa tumeongeza foleni katika stesheni ya tatu, ambayo tayari imekwama. Isitoshe, wengi wa wagonjwa wetu ni vijana kuliko wale wa Ulaya, na titi la mwanamke kijana ni zito, hata picha hiyo hushindwa kuliona vizuri.

Haya si mawazo yangu mwenyewe. Mwaka 2002 wataalamu wa nchi mbalimbali, wakiongozwa na daktari Benjamin Anderson wa Seattle, Marekani, walianza kutunga miongozo ya matiti kwa nchi zenye uwezo mdogo. Waligawa huduma katika ngazi nne, tangu ile ya msingi hadi ile ya juu kabisa, nao wakaonya kwamba nchi isiruke ngazi. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mpango wake mwaka 2023 wenye shabaha tatu: wanawake wasiopungua 60 kati ya 100 wagunduliwe wakiwa katika hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa alipofika kituoni, na wasiopungua 80 kati ya 100 wamalize tiba yao. Siku sitini, ndugu zangu. Mama yetu alikaa miezi kumi na sita.

Mahali palipofuatwa njia ya mikono na miguu, matunda yameonekana. Katika jimbo la Gezira nchini Sudan, wanawake wa vijijini waliojitolea walifundishwa kupapasa matiti ya wenzao na kuwatuma hospitali wale waliokuwa na shaka nao. Katika miaka miwili hivi waliwafikia wanawake zaidi ya 10,000. Huko Mumbai, India, wanawake zaidi ya 150,000 walifuatiliwa kwa miaka 20. Nusu yao walipapaswa matiti na wahudumu wa afya waliofundishwa, kila baada ya miaka miwili. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba saratani ziligunduliwa zikiwa katika hatua za mapema zaidi, na kwa wanawake wenye umri wa miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu theluthi moja. Mashine ya picha haikutumika.

Karibu nasi zaidi iko Butaro, hospitali ya milimani katika wilaya ya Burera nchini Rwanda, mahali pa wakulima kama sisi. Kituo chake cha saratani kilifunguliwa mwaka 2012. Hakikuwa na mionzi, na waliohitaji mionzi walipelekwa nje. Kazi ya kila siku ilifanywa na madaktari wa kawaida na wauguzi waliofundishwa, wakishauriwa kwa mbali na mabingwa wa Boston. Baadaye katika wilaya hiyo walifundishwa wahudumu wa afya wa vijijini na wauguzi wa vituo vidogo namna ya kuutambua uvimbe na mahali pa kumtuma mgonjwa, na hospitali ikatenga siku ya matiti kila juma. Wanawake waliokuja mapema waliongezeka.

Mashine zenyewe nazo zina historia ya kutufundisha. Mwezi Machi mwaka 2016 mashine ya mionzi ya Kampala, ambayo ilikuwa ndiyo pekee kwa Uganda nzima, iliharibika kabisa, na ilichukua zaidi ya mwaka mmoja na nusu kupata nyingine inayofanya kazi. Taifa zima lilisimamishwa na chombo kimoja. Sisi tukinunua chombo kimoja kwa mchango wa mpunga, nani atanunua kipuri chake?

Bonde letu limekwisha kuonyesha njia

Atakayesema kwamba mambo haya hayawezekani huku kijijini hajui historia ya Kilombero. Kuanzia mwaka 1997 mradi wa vyandarua ulioitwa KINET ulieneza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Wazee wanakumbuka jina la Zuia Mbu. Chandarua ni kitambaa tu. Lakini kilifikishwa kwa mpango, kijiji kwa kijiji, na utafiti uliotolewa mwaka 2001 ulionyesha kwamba vyandarua hivyo viliongeza kuishi kwa watoto wadogo kwa asilimia 27. Dunia ilijifunza kutoka kwetu.

Tena, tangu mwaka 2005, Ifakara, katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, iko kliniki ya magonjwa sugu inayowahudumia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Tunakumbuka ilivyosemwa zamani, kwamba mwanakijiji hawezi kumeza dawa kila siku kwa maisha yake yote. Wanameza, na wanaishi. Wanaishi kwa sababu dawa ililetwa karibu, na kwa sababu asiyefika siku yake huulizwa na kutafutwa. Mgonjwa wa saratani naye anahitaji hayo hayo: dawa iliyo karibu, na mtu wa kumtafuta asipofika. Hospitali tunayo, na tangu mwaka 2010 tunacho pale pale Ifakara chuo kinachofundisha madaktari. Msingi wa nyumba umekwisha kuwekwa.

Visingizio vyetu

Sasa niseme na sisi wenyewe, nami nimo. Mtu akifa katika jumuiya zetu, kabla jua halijatua daftari la rambirambi limekwisha kufunguliwa. Jeneza linapatikana, turubai linapatikana, gari la kubeba waombolezaji linapatikana, na watu mia mbili wanakula kwa siku tatu. Mama yule alipokuwa akitafuta nauli ya kwenda Ifakara, hapakufunguliwa daftari. Jumla ya tulichokitumia kumzika ingetosha kumpeleka, kumlaza na kumrudisha. Sisemi tuache kuzika kwa heshima. Nasema kwamba jumuiya inayochangia msiba na isiyochangia rufaa imekubali kuwa ndugu wa maiti tu.

Wako wanaosema kwamba ni mapenzi ya Mungu. Injili inatusimulia habari za mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, aliyetumia mali yake yote kwa waganga asipate nafuu. Bwana hakumwambia akubali mapenzi ya Mungu arudi nyumbani. Alisimamisha msafara mzima kwa ajili yake. Wako pia wanaotangaza kwamba maombi peke yake yatayeyusha uvimbe. Tuombe, naam, mimi mwenyewe huwapaka wagonjwa mafuta. Lakini mwaka 2011, maelfu kwa maelfu walipokimbilia Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi mia tano, wako walioziacha dawa zao za hospitali. Anayemwombea mgonjwa na kumkataza hospitali amejitwalia mamlaka ambayo hakuna aliyempa.

Kwa akina baba nina neno moja. Ziko nyumba ambamo mke hawezi kupanda basi bila ruhusa, na ruhusa inangoja mpunga uuzwe, na mpunga unangoja bei ipande. Ziko nyumba ambamo mke aliyeondolewa titi aliporudi alikuta kitanda chake kimehamishwa. Mlipofunga ndoa mliahidi katika afya na katika ugonjwa, mbele yangu au mbele ya padre mwenzangu. Ahadi hiyo haikutaja viungo.

Yatupasa kutenda nini

Napendekeza mchango ule usiachwe, bali ubadilishwe matumizi. Kila jumuiya, wakati wa mavuno, kila nyumba itenge kiasi cha mpunga kadiri ya uwezo wake, uwekwe ghalani kwa jina la mfuko wa rufaa, na uuzwe bei inapokuwa nzuri. Mfuko huo ulipe nauli na malazi ya mgonjwa yeyote mwenye barua ya rufaa, awe Mkatoliki au asiwe. Wawata wachague akina mama wawili katika kila kigango wafundishwe na wauguzi kuzitambua dalili: uvimbe usiouma titini au kwapani, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani au kutoa damu. Akina mama hao wasindikize wagonjwa, wajue tarehe zao za kurudi, na watunze siri. Watu wetu walioko Dar es Salaam waulizwe ni nani anayeweza kumpokea mgonjwa wa kwao kwa majuma ya mionzi.

Lakini sadaka yetu isiifute haki tunayodai. Nchi za Afrika, nayo yetu ikiwemo, ziliahidi huko Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya, nasi bado hatujaifikia. Kadi ya CHF iliyoboreshwa, ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, iliwekewa ukomo katika hospitali ya rufaa ya mkoa, na saratani haitambui mpaka huo. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023; yatupasa kuuliza, katika mikutano ya kijiji na mbele ya diwani na mbunge wetu, jinsi itakavyomlipia mama wa Mlimba mwenye uvimbe. Tuombe mambo matatu yanayoeleweka: kila mhudumu wa zahanati afundishwe kuutambua uvimbe wa titi, na usiopona mapema upewe rufaa pasipo kubishana, uwepo utaratibu wa kuchukua vinyama Ifakara, kuvisafirisha na kurudisha majibu ndani ya majuma machache, na tamoksifeni ipatikane karibu na mgonjwa bila kukatika.

Hayo yote yakitimia, na uvimbe ukaanza kufika hospitali ukiwa mdogo kama kunde, hapo tutakaa tena na akina mama wa Wawata kuzungumza habari za mashine, nami nitakuwa wa kwanza kuchanga. Kwa sasa, tangazo litakalosomwa Dominika ijayo katika kila kigango ni fupi: mama yeyote aliyegusa kitu titini mwake, hata kama hakiumi, asingoje mavuno.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, ni nani tuliyemzika kwa ugonjwa huu, na alikwama katika stesheni gani?

2. Tulichanga kiasi gani alipokuwa mgonjwa, na kiasi gani alipokufa?

3. Ni mambo gani yanayowafanya akina mama wa kwetu waone haya au waogope kusema mapema? Akina baba wafanye nini?

4. Ni nani kati yetu atakayelipeleka suala la rufaa na vipimo katika mkutano wa kijiji unaofuata, na atatuletea jibu lini?